Injini Iliyotuamsha kwa Kunyamaza

Mheshimiwa Mkuu wa Bandari, Ndugu wageni waalikwa, mafundi wa karakana ya mashua, ambao leo ndiyo mara ya kwanza nawaona mmenawa mikono, Ndugu muuza injini, uliyefika ingawa injini yako haikununuliwa, na huo ndio uungwana, majirani zetu wa mtaa wa mashine ya kusaga, Shangazi yetu, Mama yangu mpenzi, mabibi na mabwana: nawasalimu wote, kila mtu kwa heshima yake.

Nimeombwa niseme kwa ufupi. Aliyeniomba ni mdogo wangu, huyu mnayemwona amevaa kofia ya nahodha tangu asubuhi kana kwamba alizaliwa nayo. Nimemjibu sawa. Lakini mimi ni msagaji, na msagaji huzoea kusema kwa sauti kubwa na kwa muda mrefu, kwa kuwa maisha yake yote anashindana na mashine. Kwa hiyo nivumilieni. Tena hamna budi kunivumilia, maana hendeli ya kuwashia injini ya mashua hii ninayo mimi, humu kikapuni, na haitoki mpaka nimalize.

Mdogo wangu mnamjua kwa jina la Masafa. Ameendesha malori tangu ndevu zake zinaota mpaka zimekuwa nyeupe, na kila barabara aliyoipita iliishia kwenye geti la bandari. Anashusha mzigo, anageuza lori, anarudi. Akifika nyumbani, hata kabla ya kuvua viatu, ananiuliza, "Dada, hivi ile mizigo huwa inakwenda wapi?" Nilikuwa namjibu kwamba inakwenda kwa wenyewe. Jibu hilo halikumtosha. Alipostaafu akasema sasa ataifuata mizigo akaone mwenyewe, yeye na mkewe, wifi yangu muuguzi, ambaye sisi tulidhani ana akili zaidi yake. Wakaanza kuunga mabati ya chuma ya mashua hii nyuma ya nyumba. Watu walisema Masafa amepagawa. Nami nilisema hivyo hivyo, ila kwa sauti ya chini, kwa kuwa ni ndugu yangu.

Mashua mnaiona, imesimama, na sifa zake wameshazisema wengine. Mimi nataka kusema habari ya injini. Lori likizima njiani, dereva anakata matawi, anayatupa nyuma ya gari, anachemsha chai, anangoja mwenzake apite. Baharini matawi utayakata wapi? Na utamngoja nani? Ndiyo maana mwanamume huyu, ambaye nyumba yake aliichagua kwa siku moja na mke wake kwa siku mbili, alichukua miaka kuchagua injini. Alizunguka maduka yote. Hakuuliza mwendo kasi. Aliuliza kama itawaka betri ikifa. Aliuliza vipuri vyake vinapatikana kwenye bandari ndogo, au mpaka viagizwe kwa ndege. Aliingiza mkono nyuma ya kila injini kuona kama ataifikia kila nati akiwa amelala kifudifudi huku mashua inayumba. Wauzaji walimchoka, na wengine wakimwona anakuja walikuwa wanakwenda kula.

Ni wewe peke yako, Ndugu muuza injini, uliyemkalisha kwenye kiti. Ukamwonyesha injini mpya, nzuri, nyeupe kama jokofu, ina kompyuta yake. Akakuuliza, "Ikianza kuumwa nitajuaje?"

Ukasema, "Taa nyekundu itawaka."

"Nikiwa nimelala?"

"Kengele italia."

"Na waya wa kengele ukiliwa na chumvi?"

Ukafikiri kidogo, ukamwambia, "Mzee, hapo utakuwa umelala kweli."

Mnacheka, lakini swali lile halikuwa la mzaha. Watu wawili kwenye safari ndefu hupokezana. Mmoja yuko kwenye usukani, mwingine amelala, na huyo aliyelala ameweka roho yake mikononi mwa injini. Ili mjue swali lile lilitoka wapi, inabidi niwarudishe nyumbani kwetu, kwenye chumba cha mashine, enzi za Baba.

Mnaokumbuka, mnakumbuka. Chumba cha bati, vumbi la unga mpaka kwenye nyusi, mkanda mrefu unapiga makofi, pipa la maji ya kupozea linafuka moshi, na katikati injini ya dizeli yenye gurudumu zito, inasema tuku, tuku, tuku, bila haraka. Sisi watoto tuliipa jina la Shangazi, kwa kuwa ilianza kusema asubuhi na haikunyamaza mpaka jioni, na msimu wa mavuno hata usiku. Shangazi mwenyewe yuko pale, naye leo ndiyo anajua. Tusamehe, Shangazi. Ilikuwa ni mapenzi.

Ukuta wa chumba kile ndio ulikuwa ukuta wa chumba chetu cha kulala. Tuliandika hesabu zetu ndani ya sauti ile, tuliugua surua ndani yake, tulichapwa ndani yake na kilio chetu hakikusikika nje. Wageni walikuwa wanatuuliza, "Mnalalaje hapa?" Tulikuwa tunalala fofofo. Kilichotuamsha ni kimya. Injini ikizima, nyumba nzima macho, mpaka paka. Wenzetu huamshwa na kelele. Sisi tuliamshwa na kukosekana kwake. Na Baba alituzidi wote. Alilala mchana kwenye kiti chake cha mbao, kichwa kwenye magunia, na sauti ikibadilika kidogo tu, kabla hata injini haijazima, anainuka macho bado yamefumbwa, mkono tayari unapapasa dumu la dizeli. Sisi tulidhani baba wote duniani wanaweza.

Siku Baba alipotutoka, alikuwa kwenye kiti kile. Dizeli ikaanza kuisha, injini ikaanza kuvuta hewa, sauti ikabadilika. Baba hakuinuka. Wateja walidhani usingizi umemkolea leo. Mama alikuwa jikoni anakata vitunguu, akasimama, akasikiliza. Injini ikakohoa, ikakohoa tena, ikazima. Mama akaweka kisu chini taratibu, akasema, "Baba yenu ameondoka." Hakuna mtu aliyekuwa amemletea habari.

Mtanisamehe, nanywa maji kidogo.

Basi. Miaka ikapita, nguzo za umeme zikafika mtaani kwetu, nikaweka mota. Mota ni nzuri, haina moshi, haina dumu. Lakini injini ya Baba sikuiuza. Wanunuzi wa vyuma chakavu walikuja na mizani zao, nikawafukuza kwa ufagio. Kila Jumamosi niliifunua gunia lake, nikaipaka mafuta, nikaizungusha kwa hendeli, nikaiacha iseme kwa muda. Mama alikuwa anatoa kiti, anakaa mlangoni, anasinzia. Majirani mkadhani nina mashine mbili. Sikuwa na mashine mbili. Nilikuwa na mashine moja na sauti ya nyumbani.

Sasa siku moja Masafa akaja, akanywa chai, akaisifu chai. Alipoisifu chai nikajua anataka kitu. Akasema, "Dada, naomba unipe Shangazi."

Nikamwambia, "Mchukue, ila magoti yanamsumbua, kwenye ngazi umshike mkono."

"Si huyo, Dada."

Nikamwelewa, na chai ikanitoka mdomoni. Nilimwambia maneno ambayo mbele ya Mheshimiwa siyarudii. Kisha nikamwambia, "Wewe ulikuwa barabarani. Mimi ndiye niliyebaki na sauti hii. Wewe unaona injini. Mimi huyo ndiye Baba niliyebakiwa naye. Utamzamisha!" Akanijibu polepole, "Injini hii nikiwa usingizini naijua. Ikikwaruza tu, nitaamka. Hakuna nyingine duniani itakayoniamsha." Nikamwonyesha mlango. Tukamaliza msimu mzima wa mvua tunasalimiana kupitia kwa Mama, mpaka Mama akachoka, akasema yeye si posta.

Wazee walisema zimwi likujualo halikuli likakwisha, nami nilikuwa naujua msemo huo tangu utotoni, lakini zimwi lilikuwa langu na sikutaka kumgawia mtu.

Mvua zilipokatika, mdogo wangu akakata tamaa ya Shangazi, akaamua kuchukua ile nyeupe. Akamwomba Mama aende akaione na kuibariki. Mama akasema haendi bila mimi. Tukaenda wote watatu, kimya garini, kama tunakwenda hospitali. Tukakaa kwenye viti vya plastiki ndani ya bohari lako, Ndugu muuza injini, ukaiwasha. Nakuambia kweli, ilikuwa safi. Haikutikisa hata kikombe cha maji. Na Mama, kama kawaida yake panapokuwa na injini, akasinzia.

Halafu wewe ukaizima, ili utueleze mambo ya dhamana.

Mama hakuamka.

Masafa akanitazama. Nami nikamtazama, mara ya kwanza tangu mvua zianze. Mama yetu, ambaye usingizini alikuwa anasikia mkanda ukilegea, injini imezimwa mbele ya pua yake na kichwa kimeendelea kulala begani kwangu! Wewe uliendelea kueleza, na ulieleza vizuri, lakini sisi hatukukusikia tena. Mama aliamka mwenyewe aliposhiba usingizi, akajifuta mdomo, akauliza, "Bado hawajaiwasha?"

Injini yako haikuwa na kosa lolote, ndugu yangu. Ila ilikuwa haijulikani kwetu, na sisi hatukujulikana kwayo. Ninachokijua ni kwamba akilini mwangu nilimwona mdogo wangu amelala katikati ya bahari, kimya kimeingia, naye haamki. Nilipofika nje kwenye gari nikamwambia, "Njoo Jumamosi ya mwisho wa mwezi. Uje na watu wenye migongo."

Jumamosi hiyo wakaja. Fundi mkuu wa mashua alipoipokea kule karakana, mashua ilikohamishiwa imaliziwe, aliniuliza, "Dada, hii ni injini au ni nanga?" Alilalamika kwa siku nyingi, kisha akaiwekea kitanda cha chuma kinachoweza kubeba nyumba. Ndugu muuza injini, wewe hukununa. Ulileta giaboksi, ulitafuta pampu ya akiba na nozeli za akiba za kunyunyizia dizeli, ulisimamia machujio mawili ya dizeli na mfumo wa kuipoza ili maji ya chumvi yasiguse matumbo yake. Ni kweli ni nzito. Ni kweli mashua itakwenda mwendo wa mtu anayepeleka mayai sokoni. Lakini haidai betri, inawaka kwa mkono wa mtu, na hakuna nati yake ambayo mdogo wangu hajaifungua tangu utoto, mara nyingine kwa ruhusa.

Jambo moja bado sijalisema: wifi yangu. Huyu alizaliwa kwenye nyumba yenye utulivu, na nusu ya safari ni zamu yake. Wiki zile kabla injini haijaondoka nilimwambia aje alale chumba cha mashine kila mchana mpaka ahitimu. Nilikuwa naiwasha, analala, kisha nakwenda kufunga dizeli kwa kunyata. Mwanzoni injini ilizima na wifi akaendelea kukoroma. Nikammwagia maji, kwa upendo wa mawifi. Alinitukana kwa upendo huohuo. Akarudi kesho yake, na kesho kutwa.

Mchana mmoja sikufunga dizeli. Niliubana tu mpira wa kupitishia dizeli, kidogo, sauti ikashuka nusu nusu. Wifi yangu alikuwa amelala kwenye kiti cha Baba. Akainuka macho bado yamefumbwa, mkono wake ukaanza kupapasa chini, unatafuta dumu.

Hakuwahi kumwona Baba hata siku moja. Nilitoka nje nikalia, sikuona haya, na leo nalisema hapa sioni haya pia. Nikarudi ndani nikamwambia, "Umefaulu. Nendeni."

Mheshimiwa, wageni waalikwa, namalizia. Namshukuru kila aliyeshika nyundo, kila aliyetupikia, kila aliyetucheka halafu akaja kusukuma. Bandari nawashukuru kwa kutupa nafasi kwenye gati lenu kubwa, wakati chombo chetu ni kidogo.

Mama, neno langu la mwisho ni lako. Muda si mrefu utaisikia inasema tuku, tuku, kama zamani. Itakuwa karibu, halafu itakuwa mbali, halafu kitakuja kimya. Mimi na wewe tumezoea kimya kile kutuinua vitini. Leo nakuomba, kikija, tukae. Tusitafute dumu. Haitakuwa imezima, Mama. Itakuwa imeenda tu mahali ambapo masikio yetu hayafiki, na huko kuna watu wawili wanaolala kwa zamu ndani ya sauti ya nyumbani kwetu.

Ndugu zangu, mmenipa masikio yenu kwa muda mrefu, nami nawashukuru sana. Sasa yageuzieni kule kwenye maji.

Masafa, njoo mdogo wangu. Vua hiyo kofia kwanza, itaanguka. Shika hendeli. Ishike kama Baba alivyokufundisha, kidole gumba upande mmoja na vingine, isije ikakuvunja mkono.

Haya. Zungusha.