Mama Jeannette Kisimba, Sauti ya Wasichana wa Lukuga (1964–2025)

Ndugu, majirani, na ninyi nyote mliokuja kulia pamoja nasi, huyu ndiye dada yetu tunayemzika leo.

Mama Jeannette Kisimba alizaliwa Niemba, tarehe 14 mwezi wa tatu 1964, mtoto wa pili wa Papa Caleb Kisimba, fundi wa njia ya reli, na Mama Adrienne. Tangu utoto alikuwa na sauti kubwa. Mama yao alizoea kusema kwamba Jeannette akiita mbuzi, majirani nao wanaitika.

Alisoma shule ya msingi hapo Niemba. Mwaka 1977 aliletwa Kalemie kwa shangazi yake, akafika mwaka wa nne wa sekondari. Baba yao alipofariki aliacha masomo, akajifunza kushona kwa masista.

Tarehe 25 mwezi wa kumi 1986 alifunga ndoa na Papa Valère, karani wa bandari. Mungu aliwapa Joël na Princesse.

Mwaka 1989 alifungua chumba cha kushonea katika mtaa wa Kataki, kando ya uwanja wa udongo. Mpira uliingia mlangoni mwake kila siku, na kila siku alitoka kugomba. Halafu akawa anatoka kugomba na kubaki kuangalia. Hivyo ndivyo alivyoanza kufuata AS Mikuki, klabu ya divisheni ya chini kabisa. Papa Valère alimcheka.

"Sasa njo mpira gani ule? Radio inatangaza klabu kubwa, wewe unafuata watu wenye kucheza na viatu vya kuazima!"

"Wale wakubwa wako na watu," alimjibu. "Hawa wetu wakifunga goli, nani atawapigia kelele?"

Mwaka 2014 wasichana wa mtaa, hapa Lukuga, waliunda timu yao, Vaillantes. Watu walijaa uwanjani siku ya kwanza, lakini walikuja kucheka. Mama Jeannette aliimba peke yake mpaka sauti ikakauka. Yeye ndiye aliyewashonea jezi. Siku moja refa aligundua wachezaji wawili wenye namba tisa: mmoja alipaswa kuwa sita, ila namba ilishonwa kichwa chini. Mama akaingia katikati ya uwanja na sindano, akamgeuzia binti namba mgongoni, akakata uzi kwa meno na kumwambia refa, "Piga filimbi yako, Papa. Tumemaliza."

Aliwafuata mpaka Nyunzu na Kabalo, kwa treni na kwa lori, akikaa juu ya magunia pamoja nao. Emérance, golikipa, alijifunza kushona kwake na kumwita mama. Papa Valère peke yake, miaka yote hiyo, hakukanyaga uwanjani.

Ugonjwa wa sukari ulijulikana mwaka 2021. Mwaka jana kidonda kilitoka mguuni, kikakataa kupona. Mwezi wa tano mwaka huu alilazwa hospitalini, na hakutoka tena.

Jumapili tarehe 8 mwezi wa sita, Vaillantes walikuwa na mechi ya kupanda divisheni. Asubuhi Mama Jeannette alimwita mume wake karibu na kitanda. Sauti yake ilikuwa imebaki ndogo sana.

"Valère, wende kwa pahali yangu."

"Mimi sijui mpira, Jeannette. Na siwezi kukuacha."

"Mdogo wangu Mamie iko hapa. Wewe uko na macho. Usije kuniambia tu 'walicheza muzuri'. Nataka kila kitu."

Akaenda. Alisimama pale mke wake alipozoea kusimama, akiwauliza mashabiki majina ya wasichana, mmoja mmoja. Alimwona Emérance akizuia penalti. Aliona goli la wageni, dakika za mwisho. Aliona wasichana wakikaa chini, wakilia. Aliporudi juu ya pikipiki alikuwa akirudia majina kwa sauti, asisahau hata moja.

Mamie, mdogo wake marehemu, alikuwa amesimama mlangoni mwa chumba.

"Shemeji," alisema, "hakuweza kukungojea."

Mama Jeannette alikuwa amefariki saa kumi jioni, mechi ikiwa bado inaendelea.

Papa Valère aliingia, akavuta kiti, akamshika mkono. Muuguzi alikuja na shuka, Mamie akamwomba asubiri kidogo.

"Walitupiga moja kwa sifuri, Jeannette," Papa Valère alisema. "Lakini acha nikuambie tangu mwanzo. Emérance njo aliingia wa kwanza..."

Akamweleza yote, kila kona, kila mchezaji aliyeanguka, mpaka filimbi ya mwisho.

Mama Jeannette anaacha mume, Papa Valère, watoto wawili, Joël na Princesse, wajukuu watano, mdogo wake Mamie, Emérance, binti yake wa cherehani, na Vaillantes wa Lukuga, walio hapa mbele yenu wamevaa jezi alizowashonea.

Mungu ampokee na kumpumzisha kwa amani.