Ermete Corradini na Taa Aliyokataa Kununua

Ermete Corradini, ambaye leo tunamrudisha kwa Muumba wake, alizaliwa tarehe 3 Machi 1934 katika nyumba ya Ca' Salice, nje kidogo ya Guastalla. Alikuwa mtoto wa kwanza wa Anselmo na Gelsomina. Miaka mitatu baadaye alizaliwa mdogo wake, Learco. Mama yao alizoea kusema kwamba hakuzaa wawili, alizaa mmoja na mwangwi wake, maana neno la Ermete lilikuwa halijapoa mdomoni, Learco keshalirudia.

Alisoma shule ya kijiji hadi darasa la tano. Ndugu hao walikwenda kwa baiskeli moja, Ermete akikanyaga, Learco amepakiwa mbele. Mwalimu alimwambia Ermete kwamba herufi zake ni nyayo za kuku kwenye matope. Yeye akajibu, "Lakini kuku anajua anakokwenda, mwalimu."

Mto Po ulipofurika Novemba 1951, ng'ombe wao wa plau walizama zizini. Mwaka 1953 baba yao akanunua trekta ambalo tayari lilikuwa kuukuu, la aina ile tunayoiita kichwa-moto. Trekta hilo halina ufunguo. Mmoja hukibabua kichwa cha injini kwa taa ya kupuliza moto mpaka chuma kiwe chekundu, kisha mwingine huzungusha gurudumu zito la ubavuni. Lina tabia yake pia: likisitasita wakati wa kuwaka, injini huzunguka kinyume, na hapo ukitia gia ya mbele, linarudi nyuma. Learco alikuwa mtu wa taa, Ermete mtu wa gurudumu. Wakapura ngano ya majirani wote kwa miaka mingi, na mdundo wa injini ile, tuf, tuf, tuf, ulisikika hadi ng'ambo ya tuta la mto.

Alipokwenda kupura kwao Dirce Bonazzi, kule Luzzara, mama wa binti akanong'ona, "Huyu kijana ananuka mafuta." Dirce akasema kwa sauti, "Afadhali anuke mafuta kuliko uvivu." Walifunga ndoa tarehe 24 Septemba 1960, wakajaliwa Ivano na Mirella.

Siku ya Mtakatifu Petro, tarehe 29 Juni 1967, uani kwa Learco, injini iliwaka kinyume. Learco akapaza sauti, "Kaka, angalia moshi! Linazunguka vibaya!" Ermete alikuwa akicheka na wapuraji. Akajibu, "Wewe shika taa yako, trekta niachie mimi." Akatia gia. Trekta likarudi nyuma moja kwa moja, likabomoa tanuri la mkate ambalo Learco alikuwa amelijenga kwa mikono yake, na mkewe mpya hajaoka humo hata mkate mmoja. Watu wakacheka, na kwa bahati mbaya Ermete naye akacheka. Learco akaizima taa yake. Akaondoka na taa mkononi.

Ermete alilijenga tanuri upya, matofali mazuri kuliko yale ya kwanza. Learco alilipokea, salamu hakuzipokea. Lakini ngano ya majirani ilikuwa ikingoja, kwa hiyo siku ya kupura alikuja na taa yake, akapasha chuma moto, akasimama pembeni mpaka injini iwake, akaenda zake. Mwaka uliofuata ikawa hivyo hivyo.

Dirce alichoka kuona. Akamwambia mumewe, "Taa za namna hiyo zimejaa sokoni. Nunua yako, mzee, tupumue."

"Nikinunua taa," Ermete akasema, "Learco atakuja kwetu kutafuta nini?"

Dirce hakulitaja tena neno hilo. Mashine mpya za kuvuna zilipoingia na trekta likakosa kazi, Ermete alitangaza kwamba chuma kikilala sana kinakufa, hivyo ni lazima liwashwe kila siku ya Mtakatifu Petro. Fundi mmoja alimcheka. Ermete alimwacha acheke. Kila mwaka Dirce aliandaa glasi tatu za Lambrusco, divai nyekundu ya kwetu, na kila mwaka moja ilirudi jikoni haijaguswa.

Machi 2019 Ermete alipatwa na kiharusi. Mkono wa kulia ulikufa, maneno yakawa mazito. Juni ilipofika hakuna aliyethubutu kumpelekea Learco ujumbe. Siku ya Mtakatifu Petro Ermete aliketishwa uani tangu asubuhi, macho barabarani, akakataa hata supu. Karibu na adhuhuri baiskeli ikaingia, taa ikiwa kikapuni.

Learco akapasha chuma. Ivano akazungusha gurudumu. Injini ikasita, ikawaka. Learco akautazama moshi, kisha akageuka na kumtazama mtu kwenye kiti.

"Kaka, linazunguka kinyume."

Ermete akavuta maneno yake kwa nusu ya mdomo. "Safari hii... nimekusikia."

Dirce aliingia jikoni, akajifunika uso kwa aproni. Alipotoka, glasi zote tatu zilikuwa tupu.

Jioni Learco alipoondoka, taa ilibaki imetundikwa kwenye msumari wa banda. Ermete alihangaika. "Mpelekeeni. Mwakani atakuja na nini?" Ivano akamfuata mbio mpaka njia panda. Learco, bila kushuka kwenye baiskeli, akasema, "Mwambie nitakuja na miguu yangu."

Hakungoja mwakani. Alikuja kila Jumapili, wakacheza karata, wakatukanana kwa raha. Siku nyingine Ermete alimlaza kitukuu wake Alba kifuani, na mkono mzima ukimgonga mgongoni polepole, tuf, tuf, tuf, hata mtoto akalala. Homa ya mapafu ilimchukua nyumbani, Jumanne tarehe 11 Januari 2022, akiwa na umri wa miaka themanini na saba. Learco alikuwa ameushika mkono ule usio na nguvu.

Ameacha mjane, Dirce. Mdogo wake, Learco, ambaye Ermete mwenyewe aliagiza atajwe kabla ya watoto. Ivano na Mirella. Wajukuu wanne, na kitukuu, Alba.

Taa bado iko kwenye msumari. Siku ya Mtakatifu Petro, atakayeweza kufika, afike.

Pumzika, Ermete, kwa amani uliyoingoja kwa subira.