Utukufu Kichwani mwa Pasta

Ndani ya taksi ya Luberizi, Mama Bénédicte, shemasi wa kanisa moja dogo la Kilibula, alikuwa amepakata apareyi ndogo ya kupiga picha. Tangu Uvira alikuwa akimwonyesha jirani yake picha ileile: pasta wake madhabahuni, mwanga mweupe umemzunguka kichwa. Waumini wa Luberizi walikuwa wakisubiri kuonyeshwa muujiza huo kwa hamu.

Jirani huyo, Gédéon, mpiga picha wa harusi, aliigeuza apareyi akakichungulia kioo chake cha mbele. "Mama, hii haiko utukufu. Iko mafuta kwa kioo. Ile siku ulishika nini?"

"Nilikaanga samaki, zile ndagala za wageni," alijibu, kisha akajuta kusema ukweli. "Lakini weye uko nani, unapima kazi ya Mungu?"

Gédéon alimpiga picha mbuzi aliyefungwa karibu na dirisha, akamwonyesha. Mbuzi aling'aa kuliko pasta. Abiria mmoja akapaza sauti, "Aleluya!" na taksi nzima ikacheka, isipokuwa mwenye mbuzi, aliyemtazama mnyama wake kwa heshima mpya.

Bénédicte ndiye aliyesimama kanisani kuutolea ushuhuda mwanga ule.

"Nipanguze?" Gédéon aliuliza, kitambaa tayari mkononi. "Itaisha sasa hivi."

Taksi ikasimama Luberizi. Kwaya ilikuwa imejipanga barabarani, ikiimba.

"Usipanguze!" Bénédicte alimnyang'anya apareyi. "Pasta anahubiri hapa leo. Unionyeshe tu namna ya kufuta ile ya mbuzi."