Thurman Asinyanyuke

Benchi lililo mbele ya duka la Bi Ozella, duka la vyakula vya mifugo, mbegu na misumari, halina sheria iliyoandikwa, ila sheria linazo. Kahawa ni ya bure mpaka birika liishe. Anayelijua jambo azungumze baada ya wasiolijua. Na Jumapili ile ya mbio kubwa wazee walipitisha sheria nyingine, bila kikao wala akidi: Thurman Gaskins asinyanyuke. Mwanawe Wendell, aliyeendesha magari ya mashindano miaka mingi bila kushinda hata kombe la kunywea chai, alikuwa anaongoza. Mvua ilikuwa imeshuka uwanjani, magari yote yamesimamishwa na kufunikwa maturubai kama meza za harusi iliyoahirishwa. Nusu ya mbio ilikuwa imeshapita, na kanuni inasema waamuzi wakichoka kusubiri, anayeongoza ndiye bingwa. Shida ni kwamba Wendell aliongoza kwa sababu wenzake waliingia kujaza mafuta, yeye akaendelea kuzunguka. Kwenye tangi lake palikuwa na mafuta ya kunusa tu. Mvua ikiendelea, kashinda. Ikikatika, itabidi aingie kujaza, na wenzake watampita kama nguzo ya umeme.

Thurman alikuwa kwenye ncha ya kulia ya benchi, mguu wa kushoto juu ya wa kulia, vilevile alivyokuwa redio ilipotangaza kwamba mwanawe kashika uongozi. Mguu ulikuwa umekufa ganzi tangu wakati huo.

— Shemeji, usitingishe mguu, alisema Shemasi. Mke wa Thurman ni dada yake; na huo ushemasi ni jina la utani tu, kanisani walimwondoa hata kwenye kwaya.

— Umekufa ganzi, bwana.

— Acha ufe. Mguu una pacha wake. Kombe halina.

Thurman akatulia. Yeye mwenyewe alijijua kuwa ana gundu. Uwanjani alikwenda mara tatu maishani mwake. Mara ya kwanza Wendell aligonga ukuta. Mara ya pili aligonga ukuta uleule. Mara ya tatu Thurman aliishia kwenye maegesho, na injini ya mwanawe ikalipuka kabla hajazima pikapu. Toka hapo anasikilizia benchini, na mkewe Loretta anakwenda peke yake. Loretta hakuwahi kumlaumu. Kila mwaka hununua tiketi mbili, anakaa kiti kimoja, na kingine anakiwekea mkoba wake. Kwa hesabu za Shemasi, hakuna mkoba katika jimbo zima la Karolina Kusini uliotazama mbio nyingi kama ule.

Ghafla Shemasi aliruka.

— We Boliti! Unatafuna nini?

Boliti aliwahi kufanya kazi kwenye gereji ya magari ya mbio, wiki sita za ujanani, na hajaacha kuzisimulia hadi leo. Alifumbua kiganja.

— Karanga.

— Karanga! Za maganda! Gundu la mbio hilo, siku kama ya leo! Unataka kumuua mtoto wa watu?

— Punguza presha. Hizi zimechemshwa. Zenye gundu ni zile za kukaanga.

— Nani kakwambia?

— Sayansi. Maji ya kisima ukiyachemsha, vijidudu si vinakufa? Basi, gundu nalo ni kijidudu.

Thurman alizitazama zile karanga kama mtu anayetazama nyoka aliyeambiwa kwamba amekufa. Redio ikakohoa. Ofisi ya mashindano, alisema mtangazaji, inapenda kuwajulisha wananchi kwamba itatoa tangazo kuhusu saa ya kutoa tangazo.

— Wamesemaje? aliuliza Bi Ozella kutoka ndani.

— Wamesema watasema, alijibu Thurman.

— Hao wanasubiri soseji ziishe, alisema Boliti. — Nawajua. Mwenye uwanja ndiye mwenye soseji. Soseji ya mwisho ikinunuliwa, utaona mvua inakatika.

— Unatufunga kamba. Soseji na mawingu wapi na wapi?

— Haya, sikiliza hiyo kelele.

Nyuma ya misonobari kulisikika mngurumo. Yalikuwa magari ya kukaushia njia, yenye injini za ndege mgongoni, yakizunguka uwanjani na kupuliza lami kwa hewa ya moto.

— Hewa ya moto inakwenda wapi? Boliti aliuliza.

— Juu.

— Na maji yaliyokauka yanakwenda wapi?

— Juu.

— Yakifika huko yanakuwa nini? Wingu! Wanapika mvua wenyewe, wanaila wenyewe. Wakikazana kukausha hivyo, Wendell atatawazwa kesho kutwa.

Thurman, kwa mara ya kwanza siku ile, alitamani Boliti awe anasema kweli. Shemasi hakukubali kuachwa nyuma.

— Hujafika mbali. Mimi nakwambia mvua iliitwa na mbio zenyewe. Magari arobaini, maili mia tano, yanakata kona kushoto tu, kushoto tu. Tazama.

Akachovya kidole kwenye kikombe cha Thurman, akakoroga kwa kasi. Kahawa ikabonyea katikati.

— Unaona shimo? Hivyohivyo hewani. Mawingu ya wilaya nzima yanatumbukia humo. Wangekata kona kulia mwaka mmoja tu, pale juu pangekuwa jangwa.

— Hiyo ilikuwa kahawa yangu, alisema Thurman.

— Imetumika kwa elimu, shemeji.

— Na ilikuwa ya mwisho, alisema Bi Ozella, akitoka na birika tupu. — Nachemsha nyingine. Asiulize mtu.

Hapo likaingia gari lenye namba za mbali, za huko kaskazini. Akashuka mama mmoja wa makamo mwenye kofia pana ya ufukweni. Aliomba choo, akaelekezwa. Alipotoka alisimama kusikiliza mngurumo.

— Samahani, wazee wangu. Kelele hiyo ni ya nini?

— Wanakausha njia ya mbio, mama, alisema Shemasi. — Uwanja uko hapo nyuma ya misonobari. Kanisa la kwanza, kanisa la pili, umefika.

— Kumbe karibu hivyo!

— Na anayeongoza ni mtoto wa huyu hapa.

— Hee! Hongera, baba. Hongera sana.

— Asante, alisema Thurman bila kutingisha mguu.

— Na mama yake?

— Yupo uwanjani, alisema Shemasi. — Hajakosa hata mwaka mmoja.

— Yuko na nani?

Shemasi alikumbuka kukifuta kidole chake cha kahawa. Boliti aligundua kwamba karanga zake zinahitaji kuhesabiwa. Kuhusu hewa ya moto, soseji na upepo wa kushoto majibu yalikuwepo tele. Lakini kumwambia mgeni, tena mwanamke, kwamba mama wa anayeongoza yuko na mkoba, hilo halikupata msemaji.

Redio ikasema mvua imekatika na njia imekauka. Madereva waingie kwenye magari.

— Basi tena, alisema Thurman polepole. — Ataingia kujaza.

Akashusha mguu chini.

— Usinyanyuke! walipiga kelele wote wawili. — Sasa ndo usinyanyuke kabisa!

Thurman akasimama, akishikilia nguzo, mguu mmoja ukimkataa.

— Shemeji, ukienda kule atagonga ukuta!

— Ukuta wenyewe anaujua. Lakini akishindwa leo, Loretta asibaki akiushika mkono mkoba wake.

— Langoni watakudai tiketi! alisema Boliti.

— Iko kwenye mkoba.

Akachechemea hadi kwenye pikapu, akasahau kofia yake benchini. Mgeni alimpungia mkono, akaendelea na safari yake ya ufukweni, hajui alichokifanya.

Wazee walibaki wakiitazama nafasi ile tupu kama pengo la jino lililong'oka. Nyuma ya misonobari injini zikawaka, moja, kisha zote.

— Kiti kiko wazi, alisema Boliti kwa hofu.

— Naona.

Waliingia dukani, wakatoka wamebeba magunia mawili ya chakula cha kuku, wakayapandanisha ncha ya kulia ya benchi. Shemasi akaliinua gunia la juu pembe moja ili lionekane limekunja nne, akalivika kofia ya Thurman. Bi Ozella akaja na kahawa mpya. Aliyatazama magunia, akawatazama wazee, akamimina vikombe vitatu.

Redio ikatangaza kwamba bendera ya kijani iko hewani, na Wendell Gaskins bado yuko mbele, bado hajaingia kujaza, na fundi wake amejishika kichwa. Gunia la juu likaanza kuinama taratibu kuelekea kushoto.

— Linaanguka! alisema Boliti, akinyoosha mkono.

Shemasi akamkamata kiwiko.

— Liache. Liko kwenye kona.