Mama Kona Anashuka Garini

Ijumaa hii, tarehe 30 Juni, baada ya miaka thelathini na mmoja ya kuzunguka pale pale bila kufika popote, Dereva Mkuu wa Majaribio wa kituo chetu, anayejulikana na wote kama Mama Kona, anastaafu rasmi. Uongozi uliagiza wasifu huu uandikwe kwa heshima zote. Bahati mbaya, katibu muhtasi mwenye heshima zote yuko likizo, kwa hiyo kazi imeangukia karakana, kwetu sisi mafundi wa kufunga na kufungua matairi. Atakayechukia na amchukie aliyeidhinisha likizo.

Wengi wetu tuliingia hapa kwa barua ya maombi. Mama Kona aliingia kwa gari la mikate. Alikuwa dereva wa tanuri moja jirani, akileta mikate ya kantini, na kwa kuwa njia ya kantini inauzunguka uwanja mzima, asubuhi moja aliona bora akatize katikati ya barabara ya majaribio. Mlinzi alipuliza filimbi, akapanda pikipiki, akamfukuza. Hakumpata. Mkurugenzi wa wakati ule alikuwa dirishani na kikombe chake cha chai, akaliona gari la mikate likiingia ile kona kali tunayowaonya hata madereva wetu, likainama, likatokea upande wa pili huku milango imefungwa na mikate imelala kwenye trei zake. Akaagiza mama huyo aitwe ofisini. Mlinzi alidhani anaitiwa polisi, kumbe anaitiwa kazi. Alinuna mpaka alipostaafu yeye mwenyewe.

Kwa wageni waliokuja kwa ajili ya keki tu, kituo chetu hupima matairi ya kiangazi ya magari ya kasi. Ni yale mapana, ya mpira laini, yanayong'ang'ania lami ya moto kama kupe kwenye sikio la mbwa. Tukishapima, tunawaandikia wanunuzi majibu kwenye jarida letu. Mambo makuu ni mawili: mshiko, yaani tairi linavyoikamata barabara kwenye kona na kwenye breki, na uchakavu, yaani litadumu kiasi gani kabla halijawa kipara.

Mshiko ulikuwa mali ya Mama Kona. Kifaa chake cha kupimia alikikalia. Vilipoletwa vipimo vya kisasa, nyaya zikajaa garini kama tambi, alivipokea kwa tabasamu la mtu aliyeletewa mgeni asiyemwalika. Alieleza kwamba tairi huongea na rimu, rimu huongea na kiti, na kiti huongea na makalio. Na makalio yake, alisema, yamesoma. Mkuu wa utumishi aliomba neno hilo lisionekane tena kwenye ripoti. Halikuonekana. Tangu hapo aliandika "ofisi yangu ya nyuma".

Wasomaji walilinunua jarida kwa ajili yake, tusidanganyane. Tairi linalolia kidogo kabla ya kuachia aliliita tairi lenye adabu. Linaloachia ghafla alilifananisha na mchumba aliyebadilisha namba ya simu. Linaloanza vizuri, kisha likapata joto na kuanza kuteleza baada ya mizunguko michache, aliliita mlevi wa mchana. Mhasibu wetu aliwahi kuomba kupanda naye ili aone petroli inakwenda wapi. Alirudi ameishika kofia yake mbele ya kifua kwa mikono miwili, kwa uangalifu mkubwa, isimwagike. Bajeti ya petroli hakuihoji tena.

Uchakavu ulikuwa mali ya Shemeji. Huyu ni mume wa mdogo wake Mama Kona, fundi saa wa zamani, na kazini aliletwa na Mama Kona mwenyewe, jambo alilolijutia hadharani karibu kila siku. Kwa kuwa alimwita "Shemeji!" kwa sauti ya kusikika uwanja mzima, sote tukafuata, mpaka mkurugenzi. Shemeji ni mtu wa taratibu. Huchuchumaa mbele ya tairi na kijiti chake cha kupimia kina cha mifereji, akalitazama kama daktari anayetazama ulimi. Kichwa chake chenyewe hakina hata unywele mmoja, na Mama Kona hakuliacha hilo lipite. Kipara, alisema, hukijua kipara mwenzake.

Ugomvi wao ndio uliokuwa redio ya chumba chetu cha chai. Kwa Shemeji, tairi lisilodumu ni wizi. Kwa Mama Kona, tairi linalodumu sana ni gogo.

"Wewe ungeweza, ungeyafunga magari matofali," alimwambia.

"Na wewe ungeyapaka ulimbo," Shemeji akajibu, akaendelea kupuliza chai yake.

Ndipo akaja Bwana Harusi. Ndivyo tulivyoliita tairi jipya lililoletwa na wakala mmoja, limefungwa karatasi ya kung'aa, maandishi ya rangi ya fedha ubavuni, linanukia upya. Mama Kona alilipeleka kwenye kona kavu, akalipeleka kwenye duara letu linalomwagiwa maji, akalipeleka kwenye breki, akarudi hana la kusema. Karakana nzima tuliacha kazi tukaja kumtazama, maana hilo halikuwahi kutokea. Alishuka, akalipigapiga tairi kama mtu anayemsifu ng'ombe, halafu akapanda tena akaondoka nalo.

Shemeji alilizungusha barabarani kwa majuma kadhaa, kama ilivyo kazi yake, akachuchumaa, akainuka anatikisa kichwa. Tairi lilikuwa linajila. Meno yake yaliisha kama sabuni kwenye nyumba yenye watoto.

"Hili litamaliza kiangazi kimoja tu, shemeji," alisema.

"Kiangazi kimoja kitamu," akajibu Mama Kona. "Nani ananunua viatu vya dansi akalimie?"

Ripoti ikatoka. Ukurasa wa mbele kulikuwa na picha ya Mama Kona amelikalia Bwana Harusi kama kiti cha enzi, na nyota zote tulizokuwa nazo. Neno la Shemeji kuhusu uchakavu liliwekwa chini kabisa, kwa herufi za kusomwa na sisimizi. Na Mama Kona hakuishia kusifu. Alijinunulia seti nzima, tukamfungia kwenye gari lake dogo jekundu, akatamba nalo msimu wote.

Msimu ulipokwisha, mdogo wake aliliazima gari hilo kwenda kumchukua mama yao kliniki ya macho. Njiani wakirudi ikanyesha mvua ya kwanza, ile inayochanganyika na vumbi na mafuta ya miezi yote ya kiangazi. Alipoukaribia mzunguko wa barabara alikanyaga breki mapema, kama mtu mwenye akili zake. Gari halikujibu. Matairi yalikuwa yanaelea juu ya maji. Likapanda ukingo, likavuka majani, likaingia kwa muuza samani kupitia kioo, likasimama kati ya kabati na vitanda viwili vya watoto. Mama mzaa chema, kitambaa machoni, akauliza kutoka kiti cha nyuma kama wamefika. Binti yake alikuwa amevunjika mfupa wa bega, na damu ilimtiririka usoni.

Habari ya yule mama tumeicheka sana tangu hapo. Siku yenyewe hakuna aliyecheka. Mama Kona alifika hospitali na ovaroli ya kazi, akamkuta Shemeji kwenye benchi la ukumbini. Akakaa pembeni yake, akasubiri kuambiwa: nilikwambia. Kwa miaka yote ile ya kubishana, sasa shemeji yake alikuwa na haki ya kutamka neno moja tu, na mchezo ungekwisha.

Shemeji aliitazama mikono yake. "Nilipima mwenyewe wiki iliyopita," alisema. "Meno yalikuwa yamebaki. Sheria inaruhusu. Nikamwambia mke wangu, nenda tu."

"Lakini lile halitelezi kwenye maji," Mama Kona akasema. "Nimelijaribu mimi."

"Ulijaribu jipya," akasema Shemeji.

Mama Kona alijua tairi jipya linavyoshika, Shemeji alijua lililochakaa lina unene gani. Lakini hakuna mtu katika kituo kizima, pamoja na nyaya zetu zote, aliyewahi kulichukua tairi lililochakaa akaliendesha kwenye maji.

Mgonjwa alipotolewa chumba cha upasuaji, Mama Kona aliruhusiwa kuingia. Mdogo wake hakumgombeza. Angemgombeza, ingekuwa nafuu. Alisema kwa sauti ya chini, "Dada, uliniambia linashika." Kisha akaongeza kwamba garini mwake hatapanda tena, hata akiendesha yeye mwenyewe Mama Kona.

Jumatatu Mama Kona alikuja na yale matairi manne, ameyatoa kwenye gari lililobondeka. Tukayafunga kwenye gari la majaribio. Shemeji aliyapima yote, akathibitisha kwamba kwa mujibu wa sheria yalikuwa mazima kabisa. Kwenye duara la maji, kwa mwendo ambao Bwana Harusi mpya alipita anapiga miluzi, Bwana Harusi mzee aliondoka barabarani mara ya kwanza, mara ya pili na mara ya tatu. Mama Kona akapanda ngazi hadi kwa mkurugenzi wetu wa sasa (ambaye ameahidi kwamba wasifu huu hautaathiri ajira ya mtu) akadai ripoti mpya. Mkurugenzi alikataa. Ripoti ilishatoka, alisema. Tairi lilikuwa halali. Na wakala ndiye mwenye tangazo la ukurasa wa nyuma.

Mama Kona hakubishana, na hapo mkurugenzi angepaswa kushtuka. Alimwomba tu ateremke wazunguke mara moja.

Mkurugenzi alipanda na suti yake ya kijivu. Sisi tulitazama kutoka mlango wa karakana. Gari liliingia kwenye duara la maji, na kwa maelezo ya mkurugenzi mwenyewe, Mama Kona aliachia mkono mmoja akamwonyesha mbele kwa kidole. "Hapa ndipo nilipowaambia watu linashika," alisema. Kisha gari likageuka, likateleza kinyumenyume kwa utulivu wa ajabu, likatua kwenye mtaro unaopokea maji machafu ya uwanja. Vyura waliruka. Maji yakapanda hadi kwenye viti.

Mkurugenzi alikamua ncha ya tai yake. Halafu akauliza, "Watu wangapi wamelinunua?"

"Wote walioniamini," akasema Mama Kona.

Mkurugenzi alirudi ofisini kwa miguu, viatu vikilia chwapu, chwapu, akaagiza jarida lisimamishwe mtamboni. Toleo lililofuata lilikuwa na picha ya Mama Kona pale pale ukurasa wa mbele, safari hii amesimama kando ya gari jekundu lililobondeka, na juu yake neno moja alilolichagua mwenyewe: Nilikosea. Ndani alieleza kwamba alilisifu tairi kwa ujana wake tu, wakati watu wanaishi nalo mpaka uzeeni. Wakala aliondoa tangazo lake, na ukurasa wa nyuma tukaujaza chemshabongo kwa muda mrefu. Wapo wasomaji waliomtukana kwa barua, na wapo waliomshauri arudi kwenye mikate. Lakini wengi walikwenda kutazama matairi yao, na hilo ndilo alilolitaka.

Tangu hapo kila tairi linaloingia hapa hupimwa mara mbili, likiwa jipya na likiwa limechakaa, na ile mara ya pili Shemeji hukaa kiti cha abiria, ameshikilia mpini wa mlango kwa mikono miwili, akitamka majina ya watakatifu ambao dini yake haiwatambui. Baadaye wakala alileta tairi jingine, mdogo wake Bwana Harusi, asiye na madaha sana kwenye lami kavu lakini imara kwenye maji hata akizeeka. Mama Kona alimpa alama nzuri huku amekunja uso.

Mdogo wake alipona, na neno lake akalishika. Kwa miaka, kwenye kila shughuli ya ukoo, Mama Kona alitangulia na gari lililojaa mizigo bila abiria, na mdogo wake akafuata nyuma na mumewe kwa mwendo wa konokono mgonjwa. Mama Kona hakumbembeleza. Ila kila mvua zilipokaribia alikwenda nyumbani kwao, na kabla hata ya kubisha hodi alichuchumaa uani akayakagua matairi ya gari lao, moja baada ya jingine, na kovu la mdogo wake likimtazama kutoka dirishani.

Wiki iliyopita alifanya jaribio lake la mwisho. Mdogo wake alikuja kutazama, akakaa kwenye benchi letu la karakana, mkoba mapajani. Mama Kona aliposhuka akavua glavu, Shemeji akatoa funguo zake ili ampeleke mkewe nyumbani. Mke akamzuia kwa kiganja.

"Dada," alisema, "nirudishe wewe."

Mama Kona alitutazama sisi, akalitazama gari lake, akazunguka akayakagua matairi yote manne, ingawa jua lilikuwa linawaka na asubuhi hiyo hiyo tulikuwa tumeyapima. Kisha akamfungulia mlango wa mbele. Tulijipanga nje tukisubiri ngurumo ya kuaga. Gari lilitoka bila sauti. Likawasha taa ya kukunja kushoto mahali pasipo na gari jingine wala mtu, likakata kona kama lililobeba mayai, na kabla halijafika getini likapitwa na mlinzi wa sasa akiwa juu ya baiskeli.

Mama Kona, asante kwa kila kona, kwa ubishi, kwa vicheko, na kwa kutuambia ulipokosea kabla wengine hawajaumia. Mapumziko yako yawe marefu na yenye afya. Tunakutakia safari njema, wewe na abiria wako.