Mama Rangi na Mstari Mwekundu

Ijumaa hii, tarehe 30 Juni, Mama Rangi anastaafu baada ya miaka ishirini na sita katika chumba chetu cha kumbukumbu za wagonjwa, kile chenye feni inayolalamika kuliko wagonjwa wenyewe.

Jina hilo alilipata kazini. Kumbukumbu za hospitali yetu ni faili za XML, maandishi ya kompyuta ambayo kila taarifa hubandikwa jina lake, na zikifunguliwa hivihivi kwenye kivinjari ni maneno yaliyorundikana kama nguo za kufua. Yeye ndiye aliyeziandikia laha za mitindo, yaani maelekezo yanayokiambia kivinjari jina likae wapi, dawa ziwe na rangi gani, nini kionekane na nini kifichwe. Alipenda ukurasa safi. Daktari mmoja aliyeomba maandishi ya zambarau alinuniwa wiki nzima.

Usafi huo ndio uliotuponza. Laha yake ya kwanza iliamuru kwamba kisichotajwa humo kisionekane. Wodi ilipoongeza kwenye faili sehemu ya mzio, yaani dawa zinazomdhuru mgonjwa, hakuna aliyemwambia, naye hakuuliza. Kisha Kamanda, mlinzi wa geti la mbele aliyempigia saluti kila asubuhi, akalazwa kwa homa ya mapafu. Muuguzi wa mapokezi alijaza kwamba penisilini inamdhuru. Faili ilikuwa nalo neno hilo, ukurasa haukulionyesha. Kamanda alichomwa sindano ya dawa hiyohiyo, akafa kabla mkewe hajarudi na shuka safi.

Waliomlaumu Mama Rangi hawakunong'ona. Hakujitetea. Alitoka mazishini moja kwa moja hadi ofisini, akaiandika upya laha yote: kisichotajwa kitokee juu kabisa, kwa mstari mwekundu. "Ukurasa uchafuke, mtu apone," alisema. Tangu siku hiyo hupitia geti la nyuma.

Mwezi uliopita uongozi ulitaka mstari huo uondolewe, eti unatisha wageni. Mama Rangi aliomba uachwe, hakujibiwa. Aliyejibiwa ni mjane wa Kamanda, ambaye siku hizi anafanya usafi wodini na kwa miaka yote hiyo hakuwahi kumsemesha Mama Rangi. Aliacha ndoo mlangoni kwa mkurugenzi, akaingia. "Hiyo nyekundu ni ya mume wangu. Muiache." Imeachwa.

Asante, mama yetu. Tunakutakia maisha mema, na usingizi uliokupotea ukurudie. Ijumaa, tafadhali, utokee geti la mbele. Mjane wa Kamanda ameomba akusindikize yeye.