Soksi za Nahodha

Benchi letu liko ndani ya kituo cha mafuta cha Kerrow, chini ya dirisha linalotazama ghala la ngano. Kila mtu ana kikombe chake kwenye msumari, na ole wake atakayenywea cha mwenzake. Redio ni Lyle, mpokeaji wa habari ambazo hazijatokea. Mwenyekiti ni Wendell, aliyeongoza kamati ya uwanja wa barafu mpaka uwanja ukafungwa. Nahodha ni Orest, aliyeiongoza timu yetu ya hoki ya barafuni mwaka ule jirani zetu wa mji wa Halden walipotufunga fainali, miaka arobaini iliyopita, na kidonda bado kibichi. Wote watatu wana kisukari, na sahani ya donati iko katikati yao. Siku hiyo Nahodha alifika amenuna, kavaa raba zake za kitambaa za kiangazi. Pembeni alikaa mama mmoja mgeni, akisubiri tairi lake lizibwe pancha.

— Jana nimetoka kliniki bila kutibiwa, Nahodha akaanza. Eti kabla daktari hajaingia, vua viatu, vua na soksi. Nikawauliza, nimekuja kupima sukari au kuogelea?

— Soksi? Redio akadakia. Tangu lini?

— Tangu kliniki yetu iungane na ya Halden na ya Pine Lake. Wanakutana, wanalinganisha wagonjwa wa nani wanaendelea vizuri. Halden wanaongoza, basi sote tunaiga ya Halden.

— Halden! Mwenyekiti akapaliwa na donati.

— Na nesi mwenyewe katoka huko huko. Mimi nimvulie soksi mtu wa Halden? Thubutu!

— Mimi naijua hii, Redio akasema. Kuna kiwanda cha soksi nyuma yake. Ukivua tu, unaambiwa hizi zimechakaa, nunua mpya.

— Acha uzushi wako, bwana, Mwenyekiti akamkata. Hii ni siasa. Wanaanza na kliniki, wanakuja shule, wanamalizia na timu. Mtaamka siku moja wajukuu zenu wamevaa jezi moja na Halden!

— Mungu apishe mbali!

— Sasa miguu wanaitazamia nini, Redio akauliza, kama si kutafuta familia zenye nyayo za kuteleza barafuni? Wanatuibia vipaji hao.

— Nahodha, zifiche nyayo zako, kaka!

— Nyayo zangu ziko safi, Nahodha akasema. Zamani mguu huu wa kushoto ulikuwa unawaka usiku kucha. Siku hizi kimya, hauumi hata kidogo. Umepona wenyewe.

— Umeona? Redio akapiga kofi. Bila Halden!

Akainuka kutuonyesha Nahodha alivyokuwa akiteleza enzi zake, kiwiko kikakumba birika la kahawa lililotoka jikoni muda huo huo. Mwenyekiti alipata matone mawili mkononi, akaruka na kulaani. Mimi nikainua miguu. Kahawa iliyobaki yote ikaishia kwenye raba ya kushoto ya Nahodha, mvuke ukawa unapanda kwenye kamba. Yeye alikuwa anachagua donati.

— Umetumalizia kahawa, mjinga wewe, akamwambia Redio.

Yule mama akageuka.

— Samahani baba. Kahawa yote imekuingia kiatuni. Mbona hukushtuka?

Tukamtazama Nahodha.

— Ilikuwa ya moto? Nahodha akauliza.

Mwenyekiti alikuwa bado anaupuliza mkono wake.

— Mimi natoka Halden, yule mama akasema, akipiga magoti. Kwetu tumeshazoea kuvua soksi; sukari huutia mguu ganzi bila mwenyewe kujua. Nikufungulie kamba?

Nahodha aliirudisha donati sahanini. Kisha akanyoosha mguu.

Soksi ilipotoka na ngozi ikaonekana imebabuka, Mwenyekiti alichukua ufunguo wake mezani, akaenda kulisogeza gari mlangoni, tayari kwa kliniki, bila kuambiwa na mtu.